Kumfuata Sichone Tunduma

Niliondoka Mbeya kwa ajili ya wagonjwa nisiowajua. Programu yetu ya zahanati, ambayo yeyote aliruhusiwa kuisoma na kuirekebisha bure, ilikuwa imeanza kuchanganya kumbukumbu zao, na mtu angeweza kupewa dawa ya mwenzake. Marekebisho nilishayaandika. Mwenye mamlaka ya kuyapitisha alikuwa mmoja tu, kiongozi wetu, Gidion Sichone, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kuonana naye. Kila barua pepe aliijibu baada ya dakika chache: "Nimeiona, Baraka. Nipe muda." Kisha kimya.

Basi lilipita Vwawa mvua ikinyesha. Wakati huo Songwe ilikuwa haijawa mkoa, huku kote kulikuwa bado Mkoa wa Mbeya.

Tunduma, malori yalikuwa yamepanga foleni hadi nje ya mji. Simu yangu ilinasa mtandao wa Zambia, saa ikarudi nyuma. Niliulizia njia hadi kwa Sichone, nyuma ya soko, na mlangoni nikamwandikia barua pepe kwamba nimefika.

Dada yake, Esta, alinikaribisha sebuleni. Sichone alikuwa amekaa, mikono mapajani, akitazama ukuta. Nilimwamkia, hakuitika. Ndipo simu ikatetemeka mfukoni mwangu.

"Nimeiona, Baraka. Nipe muda."

Mikono yake ilikuwa palepale. Esta akanieleza kwa sauti ya chini kwamba kaka yake alipoona anaanza kusahau, aliona aibu, akaitegesha kompyuta ya chumbani iwe inawajibu watu. Siku hizi hata jina lake humpotea.

Nikamwekea kompyuta yangu mbele. Uso haukubadilika, lakini vidole vikaandika nenosiri haraka, kama vya mtu mwingine. Akasoma, akafuta mstari mmoja niliokosea, akapitisha.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya watu wote, kaka."

"Sasa mbona mmenifuata mimi?"

Esta akacheka kidogo. "Umeulizwa, mgeni. Jibu."

Badala ya kujibu, nilimwomba Sichone awape wenzetu wawili mamlaka ya kupitisha. Akafanya hivyo, kisha akaniuliza mimi ni nani.

Jioni, kwenye basi la kurudi, niliona kosa letu. Tulijivunia programu isiyo na mwenyewe, kumbe tulikuwa tumeifungia kichwani mwa mtu mmoja. Wakati wa kuagana Esta aliniomba jambo moja tu, tusiizime kompyuta ya chumbani.

"Humo," alisema, "bado anawajua watu kwa majina."

Hatujaizima.