Pole Zilizomchosha Msumeno

Sokoni walimwita Msumeno, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Mteja aliyebinyabinya samaki bila nia ya kununua aliondoka na matusi ya kuutosha ukoo mzima. Ila matusi ya daraja la kwanza alimwekea jirani wa meza ya pili, muuza dagaa aliyeitwa Bonge. Tangu usichana wao asubuhi zilianza hivyohivyo: huyu anamtukana yule, yule anarudisha, kisha wanagawana chai.

Halafu koo la Msumeno likaota uvimbe. Madaktari wakaukata, na sauti ikaenda nao. Msumeno akarudi mezani na mnong'ono tu, na loo, soko zima likashikwa na adabu! "Shikamoo mama." "Pole mama." Bonge ndiye aliyemmaliza kabisa: "Pole dada yangu, pumzika," kila siku, macho chini. Ilimuuma Msumeno, tena sana. Watu huongea hivyo matangani, na yeye yu hai, anapara magamba!

Jioni moja akamnong'oneza bintiye, mwalimu wa Kiingereza: "Kesho siendi. Wameshanizika."

Binti huyu, ambaye zamani alimwonea haya mama yake, alimshika mkono. "Mama, unajua Waingereza lugha ya matusi wanaiitaje? Billingsgate. Ni jina la soko la samaki, kule London. Watu wake walikuwa na midomo michafu mpaka jina la soko likawa neno la kamusi."

"Na wanawake?"

"Hao ndio waliovuma! Kama nyie."

Msumeno alicheka bila sauti mpaka akakohoa. Asubuhi akaenda. Bonge alipoanza tu, "Pole da...," akamvuta sikio hadi kwenye midomo yake, akamnong'oneza mambo yasiyoandikika: ya dagaa, ya makalio, na ya marehemu mama mkwe.

Bonge akaruka nyuma, akamkodolea macho.

"Mshenzi mkubwa wewe!" Soko zima likageuka. "Wamekukata koo, uchafu wakauacha? Kizee usiye na haya! Samaki wako wananuka hata barafu inawakimbia!" Alitukana huku analia, akapenga kamasi kwenye aproni, akatukana tena. "Na mimi nilidhani unaniachia meza, mbwa wewe!"

Msumeno akamvuta sikio mara ya pili.

"Ongeza," akanong'ona.