Vitambaa vya Mama na Trekta Lisilotaka Ufunguo

Nianze na ujinga wangu, kabla mjomba hajauanzisha yeye kwa sauti kubwa. Ni mimi niliyefungua vitambaa vyote kwenye nyaya za trekta nikavishindilia ndani ya mpira uliopasuka. Sikulazimishwa na mtu wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na akili timamu na mkasi.

Vile vitambaa havikuwa matambara ya kufutia oili. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni fundi asiyejua kuchora, na daftari kwake ni kitu cha kukalia. Kwa hiyo kabla ya kugusa waya wowote wa lile trekta alimwomba mama vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye cherehani, akafunga kila waya kipande chake. Chenye samaki kilikuwa cha taa. Chenye ndege kilikuwa cha honi. Na kimoja chekundu kitupu, kisicho na ua wala mdudu, kilifungwa kwenye waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye injini kwenda kwenye swichi ya ufunguo.

Trekta lenyewe ni dogo, linafika kifuani kwangu. Ni la bustani. Babu mzaa mama aliachiwa na mapadri waliokuwa wanalimia kabichi, miaka hiyo ambayo hata mjomba hajazaliwa. Babu alilitumia mpaka likakataa, kisha likawa nyumba ya kuku. Tulipolitoa na kulileta kwetu Malangali kwa mkokoteni, kuku mmoja aligoma kushuka. Alisafiri nalo mpaka bandani akiwa amelala juu ya usukani kama dereva mwenye leseni.

Sasa niseme kwa nini lile trekta lilikuwa jambo la kufa na kupona. Tangu baba afariki, mama analima shamba lililo nyuma ya nyumba yetu, na shamba ni la ukoo wa baba. Mwaka huu mama alianguka kwenye bodaboda, bega likateguka, jembe likawa halinyanyuki. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, akaja akakaa, akanywa chai yote, halafu akasema: "Shemeji, ardhi ya ukoo hailali. Kuna jamaa wa ng'ombe wananiomba pa kulima. Jumamosi ya mwisho kabla mvua haijakolea nitapita hapa. Nikikuta udongo umeguswa, shamba ni lako. Nikikuta limelala, nawapa wao."

Mama aliitikia "sawa" tu. Lakini usiku ule mboga ilipikwa bila kuonjwa chumvi, na kwa mama hilo ni tangazo la vita.

Mwenye macho angeuliza, udongo gani haujaguswa wakati shamba limejaa matuta? Ni kweli. Mwezi wa tatu, kabla bega halijaharibika, mama alikuwa ameshatengeneza intumba zake. Kwetu Ufipa nyasi hazichomwi. Unazikata, unazirundika, unazifunika kwa udongo, na shamba zima linakuwa vichuguu vya duara. Juu yake unapanda maharage, na ndani nyasi zinaoza taratibu kuwa mbolea. Lakini mvua za msimu unaofuata zikikaribia, lazima uzibomoe na kuzisambaza ndipo upande mahindi. Kuzibomoa ndiyo kazi ya bega. Shamba lenye intumba zisizobomolewa mwezi wa kumi na moja linamwambia kila mpita njia kwamba mwenye nyumba ameshindwa.

Mjomba akasema trekta litazibomoa. Akachomelea nondo kuukuu zikawa haro, yaani reki kubwa la kukokotwa nyuma. Akasafisha kabureta kwa mswaki wangu (nilijua baadaye, baada ya kuutumia). Likabaki suala la nyaya, maana panya na kuku walikuwa wamezila kwa zamu.

Ijumaa moja akaenda Laela kutafuta mkanda wa injini. Akaniambia mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwenye B ya fizikia niliyoipata kihalali kabisa isipokuwa swali la nne:

"Toa waya mmoja wa zamani, weka mpya, hamishia kitambaa chake. Ndipo uende kwa mwingine. Mmoja mmoja. Umenielewa?"

"Mjomba, hiyo ni kazi ya darasa la pili."

"Ndiyo maana nakupa wewe."

Kesho yake tulikuwa na mechi na vijana wa Katandala, na mpira ulikuwa umepasuka kibofu. Nikaangalia zile nyaya. Nikaangalia vile vitambaa, laini, vimekaa tayari. Nikajisemea, samaki taa, ndege honi, nitasahau nini? Nikavikata vyote kwa mkupuo, nikang'oa nyaya zote kwa mkupuo, nikajaza mpira, nikaushona, ukawa mzito kama tikitimaji. Tulifungwa mabao manne. Kipa wetu bado analalamika kidole.

Nikarudi bandani kuunga. Taa zikawaka! Honi ikalia mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba! Ukabaki ule waya wa kitambaa chekundu na swichi yenye vijino vingi. Nikakumbuka balbu ya darasani: swichi ikiwasha, umeme unapita, ikizima, umeme unakatika. Nikaunga hivyo hivyo. Nikapiga mluzi.

Mjomba aliporudi na mkanda akauliza, "Vitambaa viko wapi?"

"Kazi imeisha, mjomba. Mgonjwa akipona si anatolewa bandeji?"

Akawasha taa, akabonyeza honi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya aibu. Trekta hili halina stata. Unafunga kamba kwenye gurudumu la injini unavuta. Kila jioni mjomba aliweka ufunguo, akauzungusha kwenye kuwasha, akavuta. Tu-tu-tu, kimya. Akabadilisha plagi. Kimya. Akamwaga petroli akaweka nyingine. Kimya. Jumatano viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Alhamisi mama alisimama mlangoni, akatazama matuta yake, akalichukua jembe kwa mkono mmoja, akajaribu kubomoa tuta la kwanza. Alipiga mara tatu. Akalirudisha jembe ukutani polepole, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala. Mimi nilikuwa nakula.

Jumamosi ikafika. Tulikuwa tumelisukuma trekta mpaka ukingoni mwa shamba, limefungwa haro yake nyuma, limependeza kama bibi harusi aliyekimbiwa. Kwa kuwa pale ni mteremko, mjomba alikuwa ameliacha kwenye gia lisiserereke. Alivuta kamba kwa mara ya mwisho, akasimama, akachomoa ufunguo, akamkabidhi mama.

"Dada, nisamehe. Limekufa. Fugia kuku ndani yake."

Mama akaufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge. Hakulia. Alisema tu, "Anakuja huyo." Na kweli, kwa mbali njiani, kofia ya baba mkubwa ilikuwa inapanda na kushuka.

Watu wengine huzuni ikizidi wanaomba. Mimi natania, ni ugonjwa. Nikaenda mbele ya lile trekta, nikainama kwa heshima, nikasema, "Shikamoo mzee, tunakuaga," nikafunga kamba, nikaivuta kama anayepiga kengele ya msibani.

Likawaka.

Narudia, maana mimi mwenyewe nililazimika kujirudia: likawaka, bila ufunguo! Moshi mweusi ulitoka, likakohoa mara mbili, likapiga kelele kama mnada wa Jumamosi, na kwa kuwa lilikuwa kwenye gia, likaondoka. Niliruka pembeni. Mjomba alibaki mdomo wazi, viganja vyake vilivyochubuka viko hewani. Mama akashika kichwa kwa mkono ule mzima.

"Panda!" mjomba akapiga kelele. "Panda wewe!"

Nikakimbia, nikapanda. Likagonga tuta la kwanza la intumba, haro ikalipasua, udongo mweusi ukamwagika kushoto na kulia. Likagonga la pili. La tatu.

"Zima!"

"Nizime na nini? Ufunguo haupo!"

"Kanyaga klachi!"

Nikakanyaga. Ule mkanda wa Laela ulikuwa mfupi kidogo, umekaza, klachi haikuachia kitu. Nikavuta gia, ikanikatalia. Nikainama kufunga koki ya mafuta, kishikio kikang'oka, nikabaki nacho mkononi. Nikamwonyesha mjomba. Sijui kwa nini nilimwonyesha.

"Usinionyeshe! Kirudishe!"

Mwisho wa shamba kuna ukuta wa jirani. Nikakata kona. Tukarudi. Matuta yakaendelea kupasuka. Nikapita mbele ya baba mkubwa, aliyekuwa amefika na amesimama na fimbo yake nusu hewani. Adabu ni adabu.

"Shikamoo baba mkubwa!"

"Mara... mara..." Marahaba yote haikumtoka. Nilikuwa nimeshapita.

Nilizunguka lile shamba sijui mara ngapi. Nilimsikia mjomba akisema trekta halina ufunguo, halina ufunguo, kama mtu anayejaribu kuamka ndotoni. Nilifikiria petroli itaisha, nikakumbuka tulijaza tangi. Nilifikiria kuruka, nikamwona mama.

Mama alikuwa anakuja. Trekta katika gia ya kwanza linatembea mwendo wa mtu anayekwenda kanisani kwa hiari, kwa hiyo hakukimbia hata. Alinikuta katikati ya shamba, akatembea sambamba nami, kitenge kimekazwa, kama anamsindikiza mgeni. Akafungua pindo akatoa ufunguo.

"Mama, haitasaidia!" nilipiga kelele. "Liko kwenye kuzima! Limezimwa tangu mwanzo!"

"Limezimwa na linakwenda?"

"Ndiyo!"

"Basi ngoja niliwashe."

Akachomeka ufunguo huku anatembea. Akauzungusha kwenye kuwasha. Trekta likapiga chafya moja likanyamaza.

Kunguru walikuwa wanashuka nyuma yetu kuokota wadudu kwenye udongo mpya. Mimi nilikuwa bado nimeshika usukani kwa mikono miwili na kile kishikio cha koki kwa meno. Sikumbuki nilikiweka mdomoni saa ngapi.

Baba mkubwa akaja akikanyaga kwa uangalifu, kiatu kimoja kisha kingine. Akachukua udongo, akaufikicha. Nyasi za mwezi wa tatu zilikuwa zimeoza vizuri, nyeusi, laini. Akatazama mistari yangu. Hakukuwa na mstari. Kulikuwa na kitu kama nyoka aliyelewa aliyekuwa anamtafuta mkewe. Lakini matuta yaliyobaki yamesimama yalihesabika kwa vidole.

"Shemeji," akasema, "sijawahi kuona shamba limelimwa hivi. Na sitaki kuona tena." Akapangusa viganja. "Ila udongo umeguswa. Hata jirani nadhani ameguswa. Wale wa ng'ombe nitawaambia watafute kwingine."

Mama akasema, "Ahsante, shemeji," kwa sauti iliyokatika katikati. Kisha akamtazama mdogo wake.

Mjomba alikuwa ameshainama chini ya usukani, kichwa ndani, miguu nje. Tukasikia sauti yake kutoka huko.

"Huu waya wa injini nani ameuweka upande huu?"

Nikashuka polepole.

"Betri ni ya taa na honi tu, injini hii haiihitaji," akaendelea, bado kichwa kiko ndani, kwa upole unaotisha. "Inajitengenezea cheche yenyewe kwa sumaku. Huu waya mwembamba si wa kuiwasha. Ni wa kuiua. Ukizima ufunguo, waya unagusana na bodi, cheche inakufa. Wewe umeuunga kama balbu. Kwa hiyo wiki nzima, kila nilipoweka ufunguo kwenye kuwasha, nilikuwa namkaba koo halafu namvuta kamba." Akatoa kichwa. Alikuwa na grisi kwenye paji la uso na machozi, sijui ya hasira au kicheko. "Kitambaa chekundu kilikuwa kinakwambia. Kitambaa chekundu kiko wapi?"

Ningeweza kusema panya. Ningeweza kusema upepo. Upepo wa Sumbawanga umeshasingiziwa makubwa kuliko hayo. Lakini nilitazama viganja vyake, nikatazama bega la mama lilivyoinama upande mmoja, na kwa mara ya kwanza maishani utani haukuja.

"Kiko ndani ya mpira," nikasema. "Vyote viko ndani ya mpira. Samaki, ndege, vyote."

Baba mkubwa akavua kofia akajipepea. Mjomba akakaa chini kwenye udongo, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yanaruka. Mama hakucheka. Alichomoa ufunguo kwenye trekta, akanusa moshi kwenye kitenge chake, akanitazama kuanzia miguuni mpaka nywele, akasema:

"Sasa nimejua kwa nini mnapatana, wewe na hili trekta. Mkiambiwa nenda mnalala, mkiambiwa tulia ndiyo mnaondoka na shamba la watu. Kalete huo mpira na mkasi. Na vitambaa vyangu ukishavitoa, uvifue kwanza."