Insha Niliyokataa Kuigeuza

Mwalimu wa uandishi pale chuoni Louisville alinirudishia insha yangu imejaa wino wa kijani. Akasema kwa upole, "Ni nzuri. Sasa kaiandike upya." Kama ni nzuri, niandike upya ya nini?

Nisipofaulu somo lile siingii uuguzi, nabaki kubandika lebo kwenye maboksi katika ghala la Jeffersontown mpaka mgongo uniishe. Donc sikuwa na mchezo. Tulitakiwa kueleza uamuzi mmoja mgumu uliofanywa katika familia. Mimi niliandika siku tuliyokimbia milima yetu ya Kivu ya Kusini: saa, njia, mto tuliovuka, nani alitangulia na nani alifuata. Nikaisoma mara tatu, sikuona uongo hata mmoja. Nikaichapa tena neno kwa neno, nikaipeleka.

"Hujabadilisha kitu," mwalimu akasema.

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu, tena kwa fahari.

Hakunielewa, na mimi sikumwelewa, na wote wawili tulikuwa tunajitahidi.

Katika kambi ya wakimbizi tulihojiwa mara nyingi kabla ya kupandishwa ndege kuja Marekani, na kila mara maswali yalikuwa yaleyale. Jirani yetu alisema walivuka mto asubuhi, mkewe akasema jioni. Faili lao likawekwa kando, na mpaka leo wako kulekule. Basi kaka yetu mkubwa, tunayemwita yaya, alikuwa akitukalisha mkekani, mimi na mdogo wangu wa kike, tunarudia habari yetu mpaka inatoka sawasawa vinywani mwetu wote. Kwangu mimi, kuambiwa niandike upya kulikuwa sawa na kuambiwa nimedanganya.

Nikampigia yaya, anakaa Riverside, kule Buffalo. Mdogo wetu wa Whitehall, karibu na Columbus, tukamwingiza kwenye simu hiyohiyo.

"Mwalimu anataka nigeuze habari yetu," nikasema.

"Usigeuze kitu," yaya akasema. "Bon, siku ya mahojiano ya uraia wakikuuliza, utawaambia nini?"

Mdogo wetu akacheka. "Yaya, ile ni shule, si ofisi ya wakimbizi."

Mmoja ananitisha, mwingine ananicheka, na insha inatakiwa Jumatatu. Kichwa kiliniuma siku mbili.

Jumatatu nikawahi kwa mwalimu, nikamweleza mambo ya faili. Akavua miwani. "Tarehe zako ziache zilivyo," akasema. "Lakini umenieleza kilichotokea tu. Wewe unafikiri nini juu ya uamuzi ule? Anza na hilo, halafu nipe sababu za kukuamini. Una mpaka saa kumi."

Nilikasirika. Kule kwenye mahojiano hakuna aliyewahi kuniuliza ninafikiri nini, na sasa ananiuliza mtu aliyeshika maksi zangu. Nikakaa maktaba nikiutazama ukurasa mtupu, bila kujua hata kama kuandika "nafikiri" mbele ya mtu mzima ni adabu.

Insha ya kwanza ilikuwa na mstari huu, uleule uliokuwa kwenye faili letu la kambini: "Saa nane mchana mama alirudi kumchukua bibi. Hatukumwona tena." Nikaunakili katikati ya ukurasa. Halafu nikaandika juu kabisa: "Nafikiri mama alikosea kurudi." Kumbe nilikuwa nimemkasirikia miaka yote hiyo.

Nikaanza kutafuta sababu za kuonyesha kwamba alikosea. Nikaandika kwamba bibi alikuwa haoni. Kwamba hakuwa na mtu mwingine pale nyumbani. Kwamba mama alituacha mikononi mwa yaya, ambaye alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Kila sababu niliyoiweka ilimtetea mama, si mimi.

Saa tisa na nusu nikaufuta ule mstari wa juu, nikaandika mwingine: "Nafikiri hata mimi ningerudi." Nikamkabidhi mwalimu insha. Yaya alipopiga jioni kuuliza kama nimegeuza kitu, nikamwambia saa, njia na mto viko vilevile, na ule mstari wa juu nikabaki nao mwenyewe.