Matone na Wino wa Wanyama Wanaotoweka

Kwa miaka kumi na saba Matone alichanganya wino katika chumba ambacho dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa mbao. Jua linakula rangi, shemeji yake alisema, na katika hilo alisema kweli. Basi mchana kutwa alifanya kazi chini ya taa mbili ndefu zenye mwanga mweupe, na alipotaka kujua kama nje kunanyesha, aliangalia viatu vya aliyeingia.

Jina la Matone tulimpa sisi wenye maduka ya mtaani. Alikuwa akidondosha rangi huku midomo inamcheza, anahesabu kimoyomoyo, na ukimsalimia katikati ya hesabu anakuinulia kidole: ngoja kwanza. Mimi nina duka la vifaa vya kuandikia, mlango wa nne kutoka karakana yao. Wino wao nimeuuza tangu enzi za marehemu mumewe.

Mume ndiye aliyeanzisha karakana, yeye na kaka yake. Yeye fundi, kaka mtu wa maneno na wateja. Mume alipofariki ghafla, Matone aliachwa na miaka thelathini na moja, bila mtoto. Wakwe walikaa kikao wakaamua abaki: atalala chumba cha juu ya karakana pamoja na mama mkwe, na atashika kazi ya mumewe. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Hakuna aliyemlazimisha pia. Alikuwa amechoka kulia, akasema sawa.

Kumbe alikuwa na jicho. Marehemu hakuacha daftari lolote, lakini mjane alikumbuka mikono yake ilivyokwenda, chupa ipi ilifuata ipi, na palipokosekana kumbukumbu alijaribu mpaka akapata. Baadaye akaanza kutunga zake. Maji ya betri yasiyo na chumvi, unga wa rangi, gliserini kidogo ili wino usikauke kwenye nibu, ile ncha ya kalamu, dawa ya kuzuia ukungu, na matone yake. Vipimo vyote alivibeba kichwani. Shemeji hakuona shida. Ungebandua karatasi kwenye chupa, asingeweza kutofautisha bluu mbili hata kwa kutishiwa.

Mwaka wa kumi na moja mama mkwe akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, maneno yakawa machache na ya taabu. Tangu hapo alikubali kulishwa na mtu mmoja tu, naye ni Matone. "Wengine wananijaza kama gunia," alisema, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sentensi zake ndefu za mwaka ule. Hivyo Matone akawa anapanda ngazi, anashuka, anapanda. Mwendo wake wote wa siku ulikuwa kwenye ngazi ile.

Wazo la wanyama lilikuwa langu, na mpaka leo sijui nijisifu au nijilaumu. Bado wapo watu wanaopenda kalamu za kujaza wino: mawakili, walimu wa zamani, na siku hizi vijana wanaoandika shajara. Nikamwambia shemeji, kwa nini usitoe chupa kumi na mbili, kila moja na rangi ya mnyama anayetoweka duniani? Kifaru, kakakuona, kasa, tumbusi, mbwa mwitu, sokwe na wengineo. Shemeji alilidaka lile wazo kama mpira. Kabla hata rangi moja haijapatikana, tayari alikuwa amechapisha karatasi za chupa zenye picha.

Matone alipewa picha zilizokatwa kwenye kalenda na magazeti. Wiki ya pili akaniletea karatasi ya majaribio.

"Kifaru huyo," akasema.

Nikatazama. Kijivu kizuri, kimetulia. "Safi sana."

"Hii ni lami, jirani. Kwenye picha moja kifaru ni wa kahawia, kwenye nyingine ana ubluu, kwenye nyingine kama majivu. Nimwamini yupi?"

"Wewe umewahi kumwona kifaru?"

"Nitamwonea wapi? Hata njia ya lori la taka siioni."

Alimwomba shemeji ruhusa ya siku mbili tatu akatafute wanyama popote walipo. Shemeji alishangaa kwa dhati. Picha zote hizi hazikutoshi? Na Mama je? Mimi ndiye niliyemkumbusha kwamba upande wa pili wa mji kuna makumbusho, na ndani yake kuna ukumbi wa wanyama waliokaushwa. Asubuhi moja wifi yake alipokuja kumsalimu mama, Matone akaaga kwamba anafuata karatasi za kuchujia wino. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minne kuvuka barabara kubwa.

Ukumbi ule ulinuka dawa ya nondo. Aliyeutunza alikuwa mama wa umri kama wake, miwani imefungwa kwa uzi, mdomo haupumziki. Wenzake walimwita Pamba kwa sababu ya alichowajaza wanyama wake. Alimkuta Matone amechuchumaa mbele ya kakakuona, analinganisha magamba na vipande vya karatasi.

"Usijisumbue, dada. Hiyo si rangi yake."

"Ni ya nani?"

"Ya dirisha lile. Amekaa hapo miaka arobaini, mwanga umemmaliza." Pamba akamwinua mkia yule mnyama kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemwangalia mtoto mgonjwa. Upande wa chini, ambako mwanga haukufika, magamba yalikuwa ya rangi nzito, kama asali iliyoungua, na kwenye kingo palikuwa na kijani cha mbali. "Huyu ndiye yeye."

Matone alikuwa na vichupa vitatu kwenye mkoba, hatoki bila hivyo. Akachanganya palepale kwenye kiganja cha mkono wake. Tone la tisa lilipoingia na rangi ikaoana na ya gamba, Pamba alinyamaza, na waliomjua wanasema hilo lilikuwa tukio.

Baada ya hapo Matone alikwenda mara sita, na kila mara alikuwa anafuata karatasi za kuchujia. Nilimtania kwamba karakana yao sasa inaweza kuchuja ziwa zima. Kila mnyama alimtafuta pale mwanga usipofika: nyuma ya sikio, kwapani, chini ya bawa. Wino wa kasa ulitoka kijani ambacho kikikauka kinaacha ukingo wa kahawia. Wa tumbusi ulikuwa wekundu uliochakaa. Mbwa mwitu alimsumbua mwezi mzima, maana ana rangi tatu, mpaka akapata wino mmoja ambao ukigusa karatasi unajigawa wenyewe, weusi unabaki katikati na manjano inakimbilia pembeni. Weupe aliuachia karatasi. Na kifaru, hatimaye, akawa wa tope.

Watu walizipenda zile chupa. Nilikuwa nikifungua duka nakuta mtu anasubiri.

Ndipo ikaja barua. Makumbusho yalikuwa na wanyama arobaini na watatu waliopauka, na Pamba alikuwa amewashawishi wakubwa wake waajiri mtu wa kuwarudishia rangi. Walimtaka Matone. Walimpa miezi mitatu ya kujibu. Aliikunja barua ile akaiweka chini ya mizani siku kumi na tisa, kisha akapiga moyo konde akamwonyesha shemeji.

Shemeji aliisoma mara mbili. "Sikukatalii, shemeji. Lakini rangi zote ziko kichwani mwako. Ukiondoka nazo, alichoacha ndugu yangu kinakufa mara ya pili. Ziandike kwanza."

Alikuja dukani kwangu kununua daftari la jalada gumu. Alilishika kifuani bila kulifungua.

"Nikiandika, sina changu tena mle ndani," akaniambia. "Nisipoandika, sitoki."

Nilimwambia asiandike. Nilijua wanamheshimu kwa sababu ya kile asichokiandika. Aliniangalia kama mtu aliyekwisha kufikiri mpaka mwisho na kurudi. "Miaka kumi na saba sijaandika, jirani. Imenifikisha wapi?"

Aliandika wiki tano. Kila tone, kila kipimo, hata mambo ambayo mkono wake uliyafanya bila yeye kujua. Ilibidi afanye kazi huku anajichungulia mwenyewe ili ayaone. Shemeji akaleta fundi mpya kutoka kiwanda cha rangi za nyumba, mtu mpole, mwenye adabu, anayesoma huku anafuatisha kwa kidole. Siku ya majaribio fundi alichanganya wino wa kasa kwa kufuata daftari. Matone alisimama nyuma yake, mikono mgongoni. Tone likadondoshwa kwenye karatasi. Wakasubiri likauke. Kijani, na ukingo wa kahawia.

Baadaye alikiri kwangu kwamba aliomba kipungue kitu. Kidogo tu, apate kusema hapana, siyo hivyo, lete nikuonyeshe. Hakikupungua. Alimpa fundi mkono, akatoka, akakaa kwenye ngazi.

Jioni hiyo shemeji alimjia amechangamka. "Umetutendea jambo kubwa, shemeji. Sasa pumzika. Kazi ya karakana basi, wewe kaa juu na Mama."

"Na kule makumbusho?"

"Makumbusho tena? Mama atalishwa na nani?"

Alisema bila ubaya wowote. Aliamini kabisa anamtua mzigo. Neno pekee la Matone lilikuwa ni zile rangi, na zilikuwa zimeshakabidhiwa.

Wiki zilizofuata hakushuka ila kuchota maji. Mwanzoni fundi alimwita kutoka chini kumuuliza hili na lile. Baadaye akazoea, akaacha. Chumba cha juu kilikuwa na dirisha, lakini lilitazama ukuta wa jengo jirani, karibu kiasi cha kuugusa ukinyoosha mkono. Nilipokwenda kumwona alikuwa anakunja mashuka. Alinionyesha vidole vyake. Miaka yote vilikuwa na bluu, kijani, weusi kwenye kucha, na sasa vilikuwa vimetakata.

"Vimekuwa vya mgeni," akasema.

Muda wa barua ulikuwa unakwisha. Siku moja akapika chakula laini, akakiacha na wifi, akaenda makumbusho kuzungumza na Pamba. Aliporudi baada ya muda wa saa nne alimkuta wifi anakaribia kulia. Bakuli limejaa kama lilivyoachwa. "Kanifungia mdomo, wifi. Mama yangu wa kunizaa." Shemeji alikuwa mlangoni. "Umeona?" akasema, basi.

Walipobaki wawili, Matone alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakuwahi kumpandishia mama mkwe sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Mama, unanifunga."

Mama mkwe akaupiga mkono wake uliokufa kwa ule mzima, pwa, kama mtu anayepiga mlango usiofunguka. "Na mimi?" akasema.

Chakula kilikuwa kimepoa kabisa. Matone akakipasha moto, akamlisha. Kijiko cha mwisho kilipotoka mdomoni, mama mkwe akainua kidole kimoja.

"Siku moja," akasema. Ilimchukua muda kumalizia. "Kwa wiki. Nitakula kwa huyo binti."

"Siku mbili, Mama."

Mama mkwe akafumba mdomo, akageuza uso ukutani.

"Haya. Moja."

Shemeji alinung'unika, lakini kwa mama yake hakuwa na la kusema. Wifi naye akanung'unika zaidi, kisha akachagua Alhamisi. Makumbusho hayakuwa na nafasi ya mtu wa siku moja. Kazi ya barua ile walimpa kijana aliyesomea sanaa. Pamba akapambana huko ofisini mpaka Matone akaandikwa kibarua wa Alhamisi, chini ya yule kijana, ambaye kwa bahati ni mtu anayejua asichokijua na anauliza.

Ni miaka miwili sasa. Kakakuona peke yake alichukua Alhamisi saba, gamba kwa gamba, kwa brashi nyembamba kama unywele. Kati ya wanyama arobaini na watatu ameshawamaliza tisa. Niliwahi kumuuliza kama atawamaliza wote. Alicheka kidogo, akasema waliokauka hawana haraka. Mama mkwe mwili umepungua, lakini daktari anasema moyo wake ni wa msichana. Matone anapoyasimulia hayo simwoni akifurahi wala akisikitika, nami siulizi.

Alhamisi saa mbili asubuhi anapita mbele ya duka langu, mkoba begani, kichwa mbele. Hasimami hata nikimsalimia, ananipungia tu, asije akaitwa arudi. Saa nane wifi humpigia simu kuuliza kijiko kidogo kiko wapi, na wiki inayofuata humuuliza tena. Saa kumi anarudi, vidole vina rangi. Namwona akisimama kidogo pale mlangoni, anahamisha mkoba kutoka bega hili kwenda lile, kisha anapanda.