Theluji Niliyowatumia Wakwe Zangu

Kwa miaka kadhaa nimewaambia, rafiki zangu, kwamba wakwe zangu walinitupa bure, nanyi kwa wema wenu mkawalaani. Leo naomba muwaondolee laana hiyo, kwa sababu theluji ile haikuwa ya Columbus.

Baba mkwe alikuwa amefariki Buffalo, na familia ilipanga kumaliza matanga Jumamosi, nyumbani kwao mtaa wa Black Rock. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki zamani (mimi Mrundi niliyelelewa kambini Tanzania, wao Wakongo wa Uvira, na Marekani nzima sina ndugu mwingine), kwa hiyo aliyebaki wa kuniita mtoto alikuwa mama mkwe, naye aliniomba kitu kimoja tu, nisimame nisome maisha ya mzee, kwa kuwa "weye njo mwenye masomo," yaani mimi ndiye msomi wao. Lakini nilikuwa nimealikwa semina Italia, tiketi wamelipa waandaaji, nikajiambia mzee hatafufuka hata nikiwepo (ndivyo wasomi tunavyofikiri), nikaenda zangu, na Ijumaa nikapiga simu kusema barabara za Columbus ninakoishi zimezibwa na theluji.

Jumamosi, semina imekwisha, nikapanda treni hadi mji mdogo wa kale ambao watalii huupita bila kugeuza shingo. Niliuchagua kwa sababu hiyohiyo, maana nani angenijua pale? Kuta za matofali, vichochoro vya mawe, madirisha yote yamefungwa, theluji hadi kwenye vifundo vya miguu, na binadamu wa pekee ni kizee mmoja akimwaga chumvi mlangoni pake. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Hapo mama mkwe akaandika kwenye kundi la familia: "Mutoto, teluji iko mingi? Tunakuhurumia." Basi nikajipiga picha, theluji mpaka kwenye kofia, nikaituma iwe ushahidi.

Shemeji Dieudonné, wa Highview kule Louisville, aliyekuwa ameshafika matangani, akajibu kwa ujumbe wa sauti, akipiga kelele: "Shemeji! Bon, ile munara nyuma yako, yenye saa ya mushale moya, si njo ya Padiri Silvano? Ile ya picha ya parokia yetu! Donc uko Columbus ao uko kwa Padiri?"

Nikageuka. Mnara. Saa. Mshale mmoja. Padri Mwitaliano aliyewabatiza wote kule Uvira alitundika ukutani picha ya mji wake, na mji uliosahauliwa na dunia ulikuwa unajulikana na ukoo mzima wa mume wangu.

Hapo ningetubu. Badala yake nikaandika: "Shemeji nawe! Huu ni mnara wa chuo chetu, wameuiga tu." (Tangu siku ile sijipigi picha penye mnara, hata wa simu.)

"Ah bon! Kesho tukirudi Louisville tunapita pale. Mama naye anakuja, anataka auone. Muzee alikuwa anautamani sana."

Usiku ule theluji ikasimamisha treni, maana Mungu naye ana utani wake. Jumapili nilizunguka vichochoro vilevile nikitunga uongo mpya, huu haufai, ule hautoshi, vidole vimekufa ganzi, na kila kona niliyokata ilinirudisha chini ya saa ile. Jioni simu ikaita.

"Mutoto, tuko mbele ya nyumba yako," alisema mama mkwe. "Nimekuletea sombe ya matanga, sababu ulifungwa na teluji." (Sombe ni kisamvu.) Nyuma yake nilisikia magari yakipita kwenye lami kavu, na mjukuu akisema kwa Kiingereza kwamba hapa hakuna theluji yoyote.

"Mama, ngoja nikueleze..."

Kengele ikaanza kugonga juu ya kichwa changu, taratibu, na sikuwa na pa kuificha simu. Mama mkwe aliisikiliza mpaka ikaisha.

"Njo sauti yake?" akauliza polepole. "Padiri alikuwa anatuigizia ivi ivi."

"Ndiyo, mama."

"Muzee angefurahi." Kisha, kwa ile sauti ya upole anayowawekea wageni: "Bon. Sombe tunaachia jirani wako, madame. Ubaki salama."