Mwanamke Aliyemsamehe Mume Wangu

Sinywi pombe, sikuwa na homa, na ilikuwa mchana. Nakuambia mapema kwa sababu majirani zangu hapa mtaani Umoja nikiwasimulia huangaliana kwanza, halafu wananiuliza kama huko majuu nilikuwa nalala vizuri. Nilikuwa nalala vizuri. Haya yalinipata mimi mwenyewe.

Mume wangu, Baba Mercy, alikuwa Ayalandi akifanya kazi ya kutunza wazee. Mimi nilibaki Nairobi na kibanda changu cha mapazia sokoni Gikomba. Miaka ilipita tukiongea kwa simu tu, hadi akanitumia tikiti nimtembelee. Jumamosi moja akasema, "Mama Mercy, leo nakupeleka mashambani uone nchi ya watu." Tukaenda kupanda basi la watalii.

Mlangoni alisimama kiongozi wa safari, mzee mwenye uso mwekundu. Akamshika mume wangu mkono, akamwambia, "Karibu tena."

Tena? Tulipoketi nikamuuliza, "Kumbe ulishawahi kuja?"

"Mara moja."

"Na nani?"

Akageukia dirisha. "Watu wa kazini."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilinyamaza. Mvua ilinyesha njia nzima, na si kama ya kwetu inayokuja kwa hasira ikaenda zake. Hii ilikuwa nyembamba, ya baridi, haina haraka. Kiongozi alieleza kila jiwe tulilopita kwa kipaza sauti, kwa Kiingereza chenye mabonge kama ugali uliosongwa vibaya, na Baba Mercy akawa ananitafsiria. Kila alichonionyesha, daraja, kondoo, farasi waliolowa, nilijiuliza alimwonyesha nani kabla yangu.

Basi likasimama chini ya kilima chenye magofu ya kanisa. Kiongozi akasema twende wawili wawili, tusiachane, kwa sababu mahali pale pana wenyewe. Watu wakacheka. Baba Mercy akaninyooshea mkono.

"Nenda tu," nikamwambia. "Wewe unapajua."

Akaenda na mwavuli. Ndani tukabaki mimi na bibi mmoja wa Kizungu mwenye fimbo.

Kioo kilikuwa kimejaa ukungu. Nilipokifuta, nikamwona mume wangu kule juu, na chini ya mwavuli wake kuna mwanamke. Walikuwa wamenipa mgongo. Huyo mwanamke amemshika mkono, kichwa kimeegemea bega lake. Wakasimama. Baba Mercy akaongea muda mrefu, kisha akaanza kufuta macho, na yule mwanamke akampangusa shavu kwa kiganja. Niamini, sikuwa nimewahi kuona mume wangu akilia, hata siku tuliyomzika mama yake.

Nilishuka bila kujifunika chochote. Njia ilikuwa tope, nikateleza mara kadhaa, na ukuta ukawaficha nisiwaone. Nilipofika, alikuwa ameketi peke yake juu ya mawe, uso umelegea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo uliyekuwa unamlilia."

Akacheka kidogo. "Mama Mercy, si ni wewe? Si umeniacha hapa sasa hivi, ukasema unatangulia kwenye basi?" Halafu akaniangalia vizuri. "Mbona umelowa hivyo, na tulikuwa na mwavuli?"

 Nikamuuliza alikuwa ameniambia nini.

"Nimekueleza yote ya ile safari ya kwanza. Na umenisamehe. Umesema nisilitaje tena jambo hilo. Tafadhali, tusirudie."

Nikamwapia kwamba sikuwa nimetoka ndani ya basi hadi nilipomwona akilia. Hakuniamini. Alidhani nimebadili nia, sasa nataka kumtesa. Tukashuka kilima. Tulipopanda basi, yule bibi mwenye fimbo akanitazama mimi, akatazama nje, akaniuliza, "Pacha wako haji? Amekuwa hapo chini akikupungia mkono."

Sina pacha. Baba Mercy alisikia kila neno.

Unadhani aliniambia ile safari ya kwanza alikuwa na nani? Usiku ule nilimsihi, nikamgombeza, nikalia. Akasema, "Aliyenisamehe alikuwa na uso wako na sauti yako. Nikikueleza wewe, halafu wewe ukatae, nitabaki na nini?"

Sasa amerudi nyumbani, tunaishi pamoja. Ni mume mwema, majirani wananionea gere. Lakini kuna jioni tukinywa chai ananitazama muda mrefu, kwa upole, kana kwamba anamtafuta mtu mwingine ndani yangu. Mara moja alisema, "Siku ile ulikuwa mpole sana." Nilikuwa naosha vyombo. Nikaendelea kuosha. Mwanamke wa kawaida ningemtafuta, ningemfuata hadi kwake tukosane mlangoni. Huyu nitamkuta wapi? Nikijitazama kwenye kioo namwonea wivu.

Kwa hivyo wewe, ukiwa ugenini na mwenzako, hata kama mmeudhiana, shuka naye. Muulize unachotaka kumuuliza, watu wasikie wasisikie. Ukimwacha aende peke yake na neno moyoni, atapata wa kumwambia. Huyo atamjibu kwa mdomo wako, na wewe utaishi na jibu ambalo hukulitoa.