Kizibo cha kalamu kimenipeleka ukingoni mwa bonde

Leo nimeendesha gari bila kuona mbele.

Kwenye mteremko wa Bugarama, lori limenirushia tope kioo kizima.
Nikabonyeza maji ya kioo. Hayatoki.
Waipa zikalisambaza lile tope kama mtu anayepaka rangi ukuta.
Mbele kona, kulia bonde!

"Papa, unaona?" akauliza Maman mmoja, mchuuzi wa Bukavu niliyempakia.
"Sioni kitu, Maman."
Akatoa kichwa dirishani. "Enda kushoto! Kushoto, nasema! Simama, kuko bantu!"

Nikakanyaga breki. Kweli watu: mbele yetu, karibu kabisa, wanawake wamejitwika mchele.

(Asiniambie mtu nilikuwa mbio. Nilikuwa kwenye thelathini.)

Nikafungua boneti. Juzi fundi aliniapia kwamba ameunga mpira wa maji uliokatika. Kweli ameuunga, kwa ganda la kalamu. Kizibo chake cha nyuma hakukitoa, kimeziba maji!
Gari nimelinunua kwa jasho la kuuza sambaza, dagaa wa ziwani, halafu nife kwa kizibo?

Nimeking'oa kwa meno, maji yakaruka.
Maman amekataa kupanda tena.

Kesho nashuka Bugarama na fundi, yeye kiti cha mbele.
Nishaurini: kizibo nikirudishe kwanza?